Tandiko la upinde wa kubadilishwa: miezi 14 mgongoni mwa Karafuu

Farasi wangu, Karafuu, ana madoa mawili meupe mgongoni, moja kila upande wa kile kinundu kinachokutanisha shingo na mgongo. La kushoto ni dogo kama sarafu, la kulia ni refu kama kidole gumba. Hakuzaliwa nayo. Ni alama za tandiko nililomfunga kwa karibu miaka miwili nikiamini kwamba linamkaa vizuri. Tandiko likibana mahali pamoja siku baada ya siku huziua chembe zinazoipa nywele rangi, na nywele zikiota tena huota nyeupe. Za Karafuu hazijarudi kuwa kahawia na sitegemei zirudi. Kila nikimpiga brashi nayapitia madoa yale, na ndiyo sababu mapitio haya yatakaa muda mrefu kwenye mambo ambayo matangazo ya matandiko huyaruka.

Tandiko lenyewe kwanza. Ni la sintetiki, mtindo wa Kiingereza wa matumizi ya jumla, kiti cha inchi 17. Mbele, ndani ya kiunzi, yaani ile fremu ngumu inayolipa tandiko umbo, lina upinde wa chuma ambao mwenye farasi anaweza kuufungua kwa bisibisi akaweka mwingine mpana zaidi au mwembamba zaidi. Watengenezaji kadhaa wanao muundo huu, na karibu yote nitakayosema yanahusu muundo kuliko nembo iliyoshonwa ubavuni, kwa hiyo nembo nimeiacha. Nimelitumia miezi 14, siku 4 au 5 kwa wiki, zaidi kwenye njia za vumbi na vilima, kidogo uwanjani. Karafuu ana miaka 11, si mrefu, mbavu zake zimejaa, na ukimtazama kutoka ubavuni mgongo wake umelala karibu bapa. Ubapa huo ukumbukeni, kwa sababu ndio ulioamua mambo mengi.

Tandiko la kabla yake lilikuwa la ngozi, zuri la kuvutia, mishono imenyooka kama imepigwa rula. Muuzaji aliliweka juu ya gogo la maonyesho, nikapanda, nikajisikia nimetulia, nikalichukua. Kwenye lebo kulikuwa kumeandikwa upana wa kati, na mimi nikajiambia Karafuu ni farasi wa kati. Sikujua wakati ule kwamba hakuna kipimo kimoja cha upana ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Cha kati cha mmoja ni chembamba cha mwingine. Nilichokipima siku ile kilikuwa mapaja yangu. Mgongo utakaolibeba sikuupima hata kwa kidole.

Dalili zilikuja polepole nami nikazisoma vibaya. Nikimwendea na brashi, masikio yalisimama mbele. Nikimwendea na tandiko, yalilala nyuma. Nikivuta mkanda wa tumbo, aligeuza shingo akauma hewa karibu na kiwiko changu. Kwenye telki, ule mwendo wa kukimbia polepole, hatua zake za mbele zilifupika, na tukizunguka duara kwa mkono wa kushoto aliinua kichwa na kuubonyeza mgongo chini kama anaukwepa mzigo. Watu zizini walisema ni ukali wa majike. Nami nilisema hivyo kwa muda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu alikuwa ananiambia kila siku kwa lugha yake yote.

Daktari wa mifugo Sue Dyson, wa Uingereza, pamoja na wenzake, walitengeneza orodha ya mienendo 24 ya farasi anapopandwa: masikio kulala nyuma kwa sekunde kadhaa mfululizo, mkia kupigwapigwa, kichwa kurushwarushwa, kugoma kwenda mbele na mingineyo. Farasi anayeonyesha minane au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au ya mifupa. Siku niliyokaa chini na orodha ile, nikitazama video aliyonichukulia rafiki, nilihesabu tisa. Nilimfungulia Karafuu tandiko la ngozi jioni ile na sikumfunga tena.

Kabla ya kulilaumu tandiko nilimwita daktari amkague meno, kwato na mgongo. Wengi hukimbilia kununua tandiko jipya wakati tatizo ni jino. Kwa Karafuu meno yalikuwa sawa na kwato zilikuwa sawa. Daktari alipopita na vidole pande mbili za uti wa mgongo, nyuma tu ya mabega, ngozi ilitetemeka na farasi akashuka chini kama mtu anayepita chini ya tawi. Akashauri apumzike wiki 6 bila kupandwa, na nisinunue chochote kabla fundi wa kupima matandiko hajamwona.

Kumlipa fundi huyo lilikuwa jambo bora kuliko yote niliyofanya, bora hata kuliko tandiko lenyewe. Alikuja mzee mmoja mwenye begi la turubai. Mimi nilikuwa nimeshalitoa lile tandiko la ngozi alione.

"Hilo liweke kando, mwanangu," akasema. "Nataka nimwone yeye kwanza."

Alitaka Karafuu asimame mahali tambarare, miguu minne sawa, kichwa kikitazama mbele. Kisha akaanza kumtafuta kwa vidole. Alitafuta ukingo wa nyuma wa kombe la bega, akaupigia mstari wa chaki. Akaenda ubavuni, akaushika ubavu wa mwisho chini kabisa, akaufuata kuelekea juu mpaka unapokutana na uti wa mgongo, akapiga mstari wa pili. Farasi kwa kawaida ana jozi 18 za mbavu, na sehemu ya mgongo inayoweza kubeba mtu ni ile iliyoshikiliwa na mbavu. Nyuma ya ubavu wa mwisho ni kiuno, hapana nguzo chini yake. Kati ya mistari miwili ya Karafuu kulikuwa na sentimita 46. Mito ya tandiko langu la ngozi, yaani ile sehemu laini ya chini inayolala mgongoni, ilikuwa na urefu wa sentimita 50. Kwa hiyo hata kama upana ungekuwa sahihi, lile tandiko lilikuwa refu kwake; ilikuwa ama limkalie bega ama limkalie kiuno, na kwa muda wote ule lilifanya vyote viwili.

Halafu akafanya jambo ambalo tangu hapo nawaonyesha wote wanaonisikiliza. "Weka kiganja hapa," akaniambia, akaniwekea mkono juu ya kombe la bega. Akauinua mguu wa mbele wa Karafuu na kuuvuta taratibu kwenda mbele, kama farasi anavyopiga hatua. Chini ya kiganja changu mfupa ulisogea kwenda nyuma, upana wa vidole viwili na ushei. Farasi hana mtulinga kama tulio nao sisi. Miguu yake ya mbele imeshikwa na kiwiliwili kwa misuli na kano tu, na kombe la bega linaogelea. Ncha ya kiunzi cha tandiko langu ilikuwa inakaa palepale ambapo mfupa unataka kupita. Kila hatua, kwa miaka miwili, mfupa ulikuwa unagonga kiunzi. Nilibaki nimeweka mkono pale muda mrefu baada ya fundi kuuachia mguu.

Kwa vipimo alitumia rula ya kupinda, ile ya plastiki yenye waya laini ndani, inayokaa na umbo ulilolipa. Aliilaza mgongoni mahali patatu: nyuma ya kombe la bega, katikati, na karibu na ubavu wa mwisho. Kila mara aliihamishia kwenye karatasi ngumu na kuchora mstari, kisha akaipitisha kwa urefu kufuata mgongo kutoka mbele hadi nyuma. Tulizikata karatasi zile, tukaandika tarehe. Ninazo mpaka leo, na seti nyingine tano zilizofuata. Ya kwanza ilionyesha kwamba bega la kushoto la Karafuu ni nene kuliko la kulia. Fundi alisema hilo ni la kawaida sana, na kwamba farasi mwenye pande mbili sawa kabisa hampati mara nyingi.

Nilijaribu matandiko matatu baada ya mapumziko. Moja lilikuwa halina kiunzi kabisa. Nililipenda nilipolishika, jepesi na laini, lakini nilipokaa nilihisi mifupa ya Karafuu chini yangu, na uzito wangu ukivutwa mahali pamoja, pale vikuku, vile vya kukanyagia, vilipofungwa. Kwa mgongo uliotoka kuumia sikutaka kuthubutu. La pili lilikuwa la ngozi, mito imejazwa sufu, zuri, lakini kiunzi chake kilikuwa kimepinda katikati kama mtumbwi. Kwenye mgongo bapa liliyumba: nikibonyeza mbele, nyuma inainuka, nikibonyeza nyuma, mbele inainuka. Farasi mwenye mgongo uliobonyea katikati angelifurahia. La tatu ndilo hili.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji huliacha livuke kimya. Upinde wa kubadilishwa unabadilisha kitu kimoja tu: pembe na upana wa mbele, pale tandiko linapoyakumbatia mabega. Haubadilishi mpindo wa kiunzi kutoka mbele hadi nyuma, wala upana wa ule mtaro wa katikati unaopita juu ya uti wa mgongo, wala urefu wa mito. Mtu akikuambia tandiko hili linamfaa farasi yeyote kwa kubadilisha chuma, amekosea. Kiunzi hiki ni bapa. Kwa Karafuu ni bahati njema. Kwa farasi wa jirani yangu, mzee, ambaye mgongo wake umeshuka, tulipoliweka lilishika mbele na nyuma tu, katikati nikapitisha kiganja chote bila kugusa kitu. Hapo uzito wa mpandaji wote unatua kwenye sehemu nne ndogo, na hakuna upinde utakaoliponya hilo.

Kulijaribu tulilijaribu bila kitambaa cha chini kwanza. Fundi alilisisitiza hilo, kwa sababu kitambaa huficha. Uliweke mbele kidogo, juu ya kinundu, kisha ulirudishe nyuma kwa upole mpaka likome lenyewe. Mahali linapokoma ndipo farasi anapolitaka. Kisha tazama. Chini ya upinde wa mbele viliingia vidole vitatu vikiwa vimelazwa, na nilipopanda vilibaki viwili na nusu. Kwa nyuma nilisimama juu ya kreti nikachungulia mtaro: mwanga ulipita kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtaro ulikuwa wa vidole vinne kote. Tandiko la zamani lilianza na vidole vinne nyuma likaishia na viwili mbele. Mwisho nilipitisha kiganja chini ya mito, kutoka begani kwenda nyuma, nikitafuta mahali panapobana ghafla au panapoachia ghafla. Hapakuwapo, isipokuwa upande wa kulia mbele, ambapo bega ni jembamba. Hapo fundi aliingiza kipande chembamba cha sponji kwenye mfuko ulio ndani ya mto, na shinikizo likawa sawa.

Duka nililolinunulia lilinipa siku 7 za kulijaribu, kwa sharti kwamba niweke kitambaa safi chini na nifunike mabawa, vile vipande vipana vya pembeni, yasikwaruzwe na mikanda ya vikuku. Huduma hiyo naithamini sana na nashauri usinunue kwa mtu asiyeitoa. Duka jingine nililopita kabla ya hapo, nilipoeleza kwamba tandiko langu linabana, muuzaji aliniletea kitambaa kinene cha manyoya akasema hiki kitalainisha. Mahali palipobana ukiongeza kitu, panabana zaidi. Nilikuwa nimeshafanya kosa hilo mwenyewe kwa miezi 4, nikimtandikia Karafuu vitambaa viwili kwa huruma, huku nikizidi kumkaba.

Siku ya tatu ya majaribio tulitoka kwa saa moja na nusu, kilima na tambarare. Niliporudi nilimfungua taratibu nikautazama mgongo. Jasho lilikuwa limeenea pande mbili za uti, sawasawa, na juu ya uti wenyewe pakavu kama inavyotakiwa. Mahali pakavu katikati ya jasho ni ishara ya kuifuatilia: huenda pamebanwa mno, au huenda hapaguswi kabisa. Macho peke yake hayatakuambia ni lipi. Kiganja chini ya mto kitakuambia. Kwa tandiko la zamani nilikuwa naona vipande viwili vikavu pembeni mwa kinundu, ukubwa wa yai kila kimoja, nikidhani ni vizuri kwamba pale hatoki jasho. Ndipo madoa meupe yalipo leo.

Mkanda wa tumbo una habari yake. Nyuma ya kiwiko cha farasi, kama upana wa kiganja, kuna mahali kifua kinapokuwa chembamba, na mkanda utaangukia hapo utake usitake. Mikanda ya kufungia iliyo chini ya bawa la tandiko ikishuka mbele ya mahali hapo, mkanda utarudi nyuma. Ikishuka nyuma yake, mkanda utateleza mbele na kulivuta tandiko zima likamkalie bega. Karafuu amejaa mbavu na mahali pake pako mbele sana. Tandiko hili lina mikanda mitatu ya kufungia, nami natumia wa kwanza na wa tatu, na kwa mpangilio huo mkanda unashuka wima. Bila uchaguzi huo lisingefaa, hata kwa upinde sahihi. Nashangaa jinsi jambo hili lisivyotajwa na wauzaji.

Kuhusu mimi mpandaji sina mengi. Nyuma ya makalio yangu kinabaki kiganja kimoja cha kiti, goti linakaa ndani ya bawa, na nikikaa bila vikuku kiti hakinisukumi mbele wala nyuma. Kiti kinateleza kidogo kikiwa kimelowa. Mapaja yangu si marefu. Mwenye mapaja marefu aangalie, mabawa ni mafupi kiasi.

Faida kubwa niliiona mwezi wa tano. Karafuu alikuwa ameanza kuutumia mgongo wake tena, na ile misuli iliyokuwa imenywea nyuma ya mabega ilijaa. Niliona kwanza kwamba vidole vitatu chini ya upinde vimekuwa karibu vinne, na tandiko linaanza kukaa juu, likiinamia nyuma. Nilichora mgongo upya kwa rula, nikailinganisha karatasi na ile ya kwanza: tofauti ilikuwa wazi, mbele kulikuwa kumepanuka. Nilimtumia fundi picha. Akanipigia.

"Sasa badilisha, dada. Namba moja juu. Lakini usikaze skrubu ya mwisho kabla zote hazijashika."

Nilifungua mto wa mbele, nikatoa skrubu, nikauinua upinde wa zamani, nikaweka mpana zaidi, nikafunga. Dakika 25, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda. Na lile tandiko la ngozi, ambalo kiunzi chake hakibadiliki, kwa wakati kama huo ningefanya nini? Ningeendelea kumbana farasi kwa sababu amepona. Kwa farasi anayetoka kwenye jeraha, au kijana ambaye bado anakua, au anayenona na kukonda kwa majira, sijui kitu kingine chenye manufaa kama upinde huu.

Lawama zipo. Mito yake imejazwa sponji. Kwa sasa iko sawa, lakini sponji haifumuliki na kupangwa upya kama sufu. Ikichoka, inabadilishwa yote. Mto wa sufu fundi anaufungua mshono mdogo, anaongeza au kupunguza kwa ncha ya chuma, na anaweza kuufuata mgongo wa farasi kwa usahihi ambao vipande vya sponji havitaufikia. Kama farasi wako ana tofauti kubwa ya kushoto na kulia, ningekushauri sufu, ukijua kwamba sufu mpya hulala baada ya miezi michache ya kwanza na lazima ikaguliwe tena. Pili, skrubu za upinde hulegea. Mwezi wa sita nilisikia mlio mwembamba kila tukipanda kilima. Moja ilikuwa imeachia nusu mzunguko. Tangu hapo nazikagua kila mwezi. Tatu, mshono wa bawa la kulia ulifumuka mwezi wa tisa, sentimita 3 hivi, chini ya bizimu. Niliushona mwenyewe kwa uzi uliopakwa nta na umeshika, lakini kwa muda mfupi vile haukupaswa kufumuka. Na ile velkro inayoshika vizuizi vya goti inakusanya nywele za farasi mpaka inaacha kushika. Isafishwe kwa chanuo.

Uzito wake nimeupenda. Lina kilo 5 na kidogo. La ngozi lilikuwa na 8. Kuliosha ni maji na kitambaa.

Mwezi wa nane nilidhani limeniangusha. Lilianza kuhamia kulia. Ninapanda likiwa katikati, baada ya dakika 20 nakuta mguu wangu wa kulia uko chini kuliko wa kushoto na mshono wa nyuma ya kiti hauko juu ya uti tena. Nilibadilisha mkanda wa tumbo, nikabadilisha kile kipande cha sponji, nikamwomba rafiki mwenye kukaa sawa kuliko mimi ampande. Kwake pia likahama, kulekule. Nilikuwa tayari kuliuza. Fundi alipokuja alitazama kwa muda mfupi, kisha akaniuliza, "Daktari amemwona miguu ya nyuma lini?"

Sikuwa nimeifikiria miguu ya nyuma hata kidogo. Daktari alikuja, akamtembeza kwenye duara, akapima, na akakuta Karafuu anachechemea mguu wa nyuma wa kulia kwa kiasi kidogo ambacho mimi, ninayemwona kila siku, sikukiona. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti Line Greve na yule Sue Dyson walilichunguza jambo hilihili: katika farasi wengi waliokuwa na kilema cha mguu wa nyuma, tandiko lilihamia upande wa mguu wenye tatizo, na mguu ukitiwa ganzi tandiko lilirudi katikati. Karafuu alipumzika na kutibiwa, akarudi kazini baada ya miezi 2, na tandiko lilelile, kwa upinde uleule, likakaa katikati mpaka leo. Ile miezi 2 ya mapumziko naitoa kwenye hesabu yangu ya 14, na nataka ijulikane kwamba kosa lile halikuwa la tandiko.

Kwa hiyo, nani alinunue? Mwenye farasi wa mgongo bapa au uliopinda kidogo sana, mpana, ambaye mwili wake unabadilika, na ambaye anaweza kumpata fundi angalau mara moja kila miezi 6. Kwa huyo nasema nunua, na nunua pinde mbili za akiba tangu mwanzo, mmoja wa namba yako na mmoja wa namba inayofuata. Mwenye farasi wa mgongo uliobonyea au kinundu kirefu chenye ncha, asilipeleke hata majaribio. Mtaro na kiunzi havitamkubali. Ambaye anafikiri upinde utamwondolea haja ya fundi, nami nilifikiri hivyo kwa wiki moja, kisha nikaweka upinde wa namba niliyoikisia, na Karafuu akanirudishia masikio yake ya zamani kabla sijafunga hata bizimu ya kwanza. Niliutoa palepale.

Karatasi ya sita niliichora Jumapili. Mbele imepanuka tena, milimita chache, upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, maana yake lile bega jembamba linalifikia jenzake. Kile kipande cha sponji nimekitoa. Nilipotoka bandani na tandiko mkononi, Karafuu alikuwa ameweka kichwa juu ya lango, masikio mbele, akaunusa ukingo wa nyuma wa kiti, akaupumulia, akasimama nimfunge.